Kwa nini wimbo uliorekodiwa vizuri husikika mnyonge redioni?

Katika nchi jirani za Kenya na Tanzania, vijana wengi hurekodi nyimbo zao chumbani kwa kompyuta moja na maikrofoni moja. Lakini wimbo kama huo ukichezwa redioni baada ya kazi ya msanii mkubwa, mara nyingi husikika mnyonge: sauti ya mwimbaji imezama, besi inavuma, na maneno hayashikiki.

Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na kipaji wala na bei ya maikrofoni. Hutokana na hatua mbili zinazofuata kurekodi, ambazo wanamuziki wa Afrika Mashariki huziita miksingi na mastaringi. Kwa msanii asiye na mfadhili, hatua hizi ni suala la fedha. Biti, studio na video huchukua sehemu kubwa ya akiba yake, na matengenezo ya mwisho hupewa kilichobaki, kama kimebaki.

Miksingi: kila sauti na mahali pake

Wimbo mmoja wa Bongo Fleva unaweza kuwa na njia za sauti zaidi ya 30: ngoma, besi, gitaa, kinanda, mwimbaji mkuu na waitikiaji. Fundi wa miksingi huzipima zote, akaamua ipi isikike mbele na ipi irudi nyuma, ipi ikae kushoto na ipi kulia.

Kazi ngumu zaidi ni kuondoa msongamano. Ngoma nzito na besi hugombea masafa yaleyale ya chini. Gitaa na sauti ya mwimbaji hugombea yale ya kati. Fundi hupunguza kidogo masafa ya ala moja ili nyingine ipate nafasi, mfano wa wazee wanaopeana zamu ya kusema barazani. Kisha hubana sauti ya mwimbaji ili neno la kunong'ona lisipotee na la kupaza lisiumize sikio, na huongeza mwangwi kwa kiasi.

Mastaringi: ukaguzi wa mwisho

Miksi ikikamilika, njia zote huunganishwa kuwa faili moja lenye upande wa kushoto na wa kulia. Hapo ndipo fundi wa mastaringi huanza kazi. Husawazisha wimbo kwa ujumla wake, hulinganisha nyimbo za albamu moja zisipishane kwa ukubwa wa sauti, na huusikiliza katika spika kubwa, redio ndogo na simu.

Simu ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa spika yake haiwezi kutoa masafa ya chini kabisa. Hivyo fundi huhakikisha kwamba besi ina sehemu zake za juu pia. Sikio likizisikia hizo, ubongo hukamilisha sehemu iliyokosekana.

Katika hatua hii pia huweza kuwekwa ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Namba hiyo husaidia kutambua rekodi inapochezwa, na hivyo kumfikishia mwenye haki malipo yake.

Sauti kubwa si sauti bora

Kwa miaka mingi wasanii duniani walishindana kutoa nyimbo zenye kelele zaidi. Siku hizi mashindano hayo yana faida ndogo. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kufikia kiwango cha -14 katika kipimo cha LUFS, ambacho hukadiria ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Wimbo uliobanwa hadi -8 hushushwa kwa desibeli 6. Kelele huondoka, ila mbano hubaki: ngoma hupoteza mshindo na wimbo huchosha.

Hata hivyo, hakuna kanuni moja kwa muziki wote. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo huweza kupita mapigo 200 kwa dakika, hupendwa kwa ukali wake. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa muziki huo, Sounds of Sisso, mwaka 2017. Fundi anayeisafisha singeli kupita kiasi huiondolea uhai.

Funzo la kanda za zamani

Katika miaka ya 1970, bendi zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Uwiano wa sauti ulipatikana palepale: aliyetakiwa kusikika zaidi alisogea karibu. Rekodi hizo zina uhai mwingi, lakini sauti zikishaungana katika kanda, ni vigumu kuzitenganisha na kuzipanga upya.

Msanii wa leo anaweza kuliepuka tatizo hilo, lakini wengi hulirudia bila kujua. Huondoka studio wakiwa na faili moja tu lililounganishwa, huku mafaili ya kila ala yakibaki kwa prodyuza. Kompyuta ikiharibika au maelewano yakivunjika, nafasi ya kuurekebisha wimbo hupotea. Mastaringi nayo haiponyi miksi mbaya: ukijaribu kuinua sauti ya mwimbaji katika faili moja, huinua pia gitaa linaloshiriki masafa yake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, msanii anapaswa kukubaliana na fundi juu ya mambo matatu: marekebisho mangapi yamo katika bei, nani atakabidhiwa mafaili ya kila ala, na wimbo utasikilizwa katika vifaa gani kabla ya kutolewa. Fedha zikiwa haba, ni heri ziende kwanza kwenye miksingi.