Sura ya 5: Damu Haitaji Jina la Kijidudu

Siku hizi mzazi wa Masalani, huku Ijara, akimleta mtoto anayelia tumbo, huja na karatasi ya maabara: CRP imepanda, ESR imepanda, na kipimo cha haraka cha damu cha Helicobacter pylori (pailori) kimetoa mistari miwili. Duka la dawa limeshahukumu: alsa!

Hukumu hiyo haina msingi. CRP ni protini ya ini, nalo ini huimwaga kwa nimonia, malaria, jipu au sikio linalotoa usaha. Walioigundua mwaka 1930, Tillett na Francis, waliikuta kwa wagonjwa wa nimonia. Pailori, bakteria wanaohusishwa na alsa, hukaa kwenye ute wa tumbo, nao watoto wengi walio nayo hawana dalili yoyote. CRP yao mara nyingi ni ya kawaida. CRP ikiruka sana, tafuta ugonjwa mwingine. Na wanaomchoma mtoto tumboni kwa chuma cha moto wakidhani ni tiba wajue hawajaua bakteria hata mmoja. Kidonda kile kikitunga usaha, hapo CRP itapanda kweli.

Nilipanga kuipitia ESR kwa sentensi moja, lakini siwezi. Damu hutiwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, na baada ya saa moja husomwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kwenye uvimbe, protini za damu huzishikanisha chembe kama sahani zilizopangwa, zikazama upesi. Ila chembe zikiwa chache huzama upesi vilevile. Mtoto wa Ijara aliyetoka kuugua malaria, mwenye minyoo, anayeshinda kwa maziwa na chai ya rangi, mara nyingi ana upungufu wa damu. ESR yake huweza kupanda hata tumbo likiwa zima. Pailori yenyewe huweza kuchangia upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo mtoto asiyepona kwa dawa za kuongeza damu anastahili kuchunguzwa, minyoo na mengine yakishaondolewa.

Ile mistari miwili huonyesha kingamwili dhidi ya pailori, na kingamwili hubaki miezi mingi bakteria wakishakufa. Ndiyo maana mabingwa wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanakikataa kipimo hicho. Wao humwingiza mtoto kamera ya tumbo kwanza, tena kwa sababu ya maana. Kuthibitisha kwamba dawa zimefanya kazi, hupima kinyesi au pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibiotiki na wiki 2 baada ya dawa za kupunguza asidi. Anayekimbilia kupima damu tena mara tu baada ya dozi ataona mistari ileile miwili, na atauziwa dozi nyingine.