Fahamu: Unga ukipanda bei, Soweto West hula nini?

Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200 Kenya. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea, mafuta na ngano. Serikali ya Uhuru Kenyatta ikatangaza ruzuku ya kushusha bei ya pakiti hiyo hadi shilingi 100, lakini maduka mengi hayakuwa na unga huo. William Ruto alipoapishwa kuwa rais Septemba, aliifuta ruzuku hiyo.

Katika mitaa ya Kibera kama Soweto West, wengi hulipwa kwa siku, hivyo hununua kwa siku: mafuta ya kupima, sukari ya kufunga kwenye karatasi, nyanya mbili. Ununuzi huu wa kidogo kidogo, uitwao kadogo, huokoa jioni, ila ukijumlisha vipimo vya mwezi mzima, mara nyingi maskini hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye gari anayejaza toroli supamaketi.

Kodi ya nyumba haipunguziki, kwa hiyo mkato huanzia sufuriani. Nyama huondoka kwanza, halafu maziwa na matunda. Ugali na sukuma wiki hubaki.

Samaki hugeuka mgongo wazi: mifupa ya sangara iliyokaangwa, iliyobaki baada ya viwanda vya Ziwa Victoria kutoa minofu, ambayo mingi husafirishwa nje. Tumbo hujaa, lakini protini na madini hupungua, na mtoto wa chini ya miaka miwili ndiye huumia zaidi.