Kiingereza cha Hotelini Katika Vijiji vya Meru: Namna Mtu Mzima Anavyofundishwa Lugha ya Kazi

Kiingereza cha hotelini ni sehemu ndogo ya lugha pana. Ni lugha ya kumpokea mgeni, kumwonyesha chumba, kuchukua oda ya chakula, kusikiliza lalamiko na kuagana. Katika vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, sehemu hiyo ndogo ndiyo mara nyingi inayoamua nani ataishia kwenye vibarua vya msimu na nani atapata kazi ya mapokezi au ya kuhudumia meza. Kwa hiyo namna inavyofundishwa si jambo la walimu peke yao. Ni jambo la kipato cha kaya nzima.

Mlima, mashamba na hoteli

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,560, na miteremko yake ya kusini na mashariki ina watu wengi. Kwa vizazi kadhaa kaya nyingi zimeishi kwa kahawa, migomba na ng'ombe wachache wa maziwa wanaofugwa ndani. Shamba la babu limegawiwa watoto, kisha wajukuu, na sehemu inayomfikia kijana wa leo haitoshi kumlisha yeye na familia yake. Kazi ya mshahara imekuwa lazima, na mshahara ulio karibu ni wa utalii.

Utalii wenyewe si mgeni katika eneo hili. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na filamu ya *Hatari!* iliyotoka mwaka 1962 ikaonyesha mandhari ya Momella kwa watazamaji wa dunia nzima. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulipofunguliwa mwaka 1971, wageni wakaanza kushukia karibu na mlango wa Arusha. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha programu ya utalii wa kitamaduni, na vijiji kama Ng'iresi, Mulala na Ilkiding'a vikaanza kupokea wageni vyenyewe. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii 1,808,205 kutoka nje, na wengi wa wale wanaokwenda Serengeti, Ngorongoro na Tarangire hulala Arusha, Tengeru au Usa River walau usiku mmoja. Hoteli za maeneo hayo zinahitaji wahudumu, wapishi, wasafishaji wa vyumba, walinzi na watu wa mapokezi.

Wageni hao hawatoki Uingereza na Marekani tu. Wapo Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano, Wahispania na Wachina, na wengi wao nao walijifunza Kiingereza darasani. Kinachohitajika hotelini, kwa hiyo, ni Kiingereza chepesi na kilichonyooka, kinachoeleweka na mtu ambaye naye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Mwanakijiji hana haja ya kuiga lafudhi ya London.

Lugha anazokuja nazo mwanafunzi

Mwanafunzi wa kijiji cha Meru haingii darasani mikono mitupu. Mmeru amekua na Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya Kichaga. Mwarusha amekua na lugha ya jamii ya Kimaasai, ambayo ni ya Kinailoti na haina undugu na Kibantu. Wote wawili walijifunza Kiswahili wakiwa wadogo, na wanakitumia sokoni, kanisani na ofisi ya kijiji. Kiingereza ni lugha yao ya tatu. Mtu aliyekwisha kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine anajua, hata kama hajawahi kulisema, kwamba sentensi hujengwa kwa namna zaidi ya moja.

Shuleni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza huwa somo mojawapo. Sekondari lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza kwa ghafla. Matokeo yake ni darasa lenye watu wa aina mbili. Wako walioishia darasa la saba miaka mingi iliyopita, wanaokumbuka salamu na kuhesabu mpaka kumi. Wako pia waliomaliza kidato cha nne, wanaoweza kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye karatasi ya mtihani, lakini hawajawahi kuzungumza Kiingereza na mtu kwa dakika tano mfululizo. Kundi la pili huhitaji kuambiwa mapema kwamba kozi ya Kiingereza cha hotelini haitawarudisha kwenye kanuni wanazozijua. Itawapa mdomo wa kuzitumia.

Kuanzia kwenye kazi

Wataalamu huita ufundishaji wa namna hii Kiingereza kwa mahitaji maalumu. Kitabu cha Tom Hutchinson na Alan Waters cha mwaka 1987 kiliweka msingi wake wazi: kwanza ichunguzwe kazi ambayo mwanafunzi atakwenda kuifanya, ndipo ipangwe mada ya kufundisha. Mwalimu anayefuata njia hii hutumia siku nzima hotelini kabla ya somo la kwanza, akiandika kila sentensi inayosemwa kati ya mfanyakazi na mgeni. Atakuta kwamba msafishaji wa vyumba anahitaji sentensi chache kuliko mtu wa mapokezi, lakini anazihitaji ziwe tayari mdomoni, kwa sababu mgeni humkuta ukumbini bila taarifa na kumuuliza lolote.

Orodha inayotokana na uchunguzi huo huwa fupi. Ina salamu na kujitambulisha, namba, saa na bei, majina ya vitu vya chumbani na mezani, kuelekeza njia, kupokea oda, kuomba radhi, kutoa tahadhari na kuaga. Wakati uliopita wa vitenzi na sentensi ndefu za masharti vinaweza kungoja.

Muda nao hulazimisha kuchagua. Mwongozo wa lugha wa Baraza la Ulaya, uliotolewa mwaka 2001, hugawa ujuzi katika ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanzo kabisa hadi C2. Taasisi ya mitihani ya Kiingereza ya Cambridge hukadiria kwamba mtu anayeanza sifuri huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike A2, na saa 350 hadi 400 ili afike B1, ngazi inayomwezesha kujieleza katika mambo mengi ya kawaida. Kozi ya miezi mitatu, saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, hutoa saa 120 tu. Mwenye kozi anayeahidi Kiingereza fasaha kwa miezi mitatu anawadanganya watu waliouza kuku ili walipe ada. Anachoweza kuahidi kwa haki ni kwamba mwanafunzi atamudu kazi moja anayoijua, kwa sentensi alizozizoea.

Mahali panapokwamisha

Makosa yanayoleta hasara hotelini ni machache, na mwalimu mwenye Kiswahili huyajua kabla hayajatokea.

La kwanza ni saa. Mgeni akiomba aamshwe "six o'clock" asubuhi, ni saa kumi na mbili alfajiri. Mpishi wa mlimani akimwambia mgeni kwamba safari ya kileleni inaanza "seven o'clock" kwa kuwa yeye anafikiria saa saba usiku, mgeni atajipanga kwa muda usio wake. Dawa ni kufanya zoezi la kubadili saa kila siku mwanzoni mwa somo mpaka liwe mazoea, huku mwanafunzi akiandika namba aliyoisikia na kumsomea mgeni.

La pili ni namba zinazofanana. Kumi na tano na hamsini hazichanganyiki katika Kiswahili, lakini "fifteen" na "fifty" huchanganyika kirahisi, hasa kwa mtu aliyezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Chumba namba 15 na chumba namba 50 ni vyumba viwili tofauti, na dola 15 na dola 50 ni ugomvi kwenye bili. Mfanyakazi hufundishwa kutaja tarakimu moja moja: "one, five".

La tatu ni swali la kukanusha. Mgeni akiuliza, "You don't have hot water?", Mswahili anayefikiria "Ndiyo, hatuna" hujibu "Yes", na mgeni huenda kuoga akiamini maji ya moto yapo. Jibu salama ni sentensi kamili: "We have hot water" au "We do not have hot water". Vivyo hivyo "can" na "can't" hutofautiana kwa sauti ndogo mno. Mlinzi anayemkataza mgeni kuogelea afadhali aseme "cannot" yote, tena pamoja na ishara ya mkono.

La nne ni adabu ya kuomba. Mtu aliyelelewa kusema "naomba" na "tafadhali" hufika kwenye Kiingereza akabaki na "Give me your passport" pekee, na mgeni humwona mkali. Adabu anayo tayari. Anachokosa ni chombo cha kuibebea, nacho ni "May I have your passport, please?" Sentensi hiyo ikikaririwa kama kipande kimoja, bila kuchambuliwa, huweza kubadilishwa neno la mwisho na kutumika kwa ufunguo, sahihi au namba ya chumba.

La tano ndilo lenye hatari kubwa: kuitikia "yes" kwa heshima wakati hujaelewa. Mgeni anayesema kwamba karanga zinaweza kumuua anahitaji zaidi ya tabasamu. Kwa sababu hiyo, sentensi ya kwanza kabisa ya kozi, kabla hata ya jina la mwanafunzi, iwe "I'm sorry, I don't understand. I will ask." Mfanyakazi anayeisema bila haya humlinda mgeni, hulinda hoteli na huilinda kazi yake.

Somo lenyewe

Chumba cha kufundishia huwa ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi baada ya watoto kuondoka. Vifaa ni godoro juu ya meza mbili, shuka mbili, foronya, taulo, chandarua, trei, glasi na kengele. Mwalimu hutandika kitanda huku akitaja kila tendo kwa Kiingereza, polepole. Kisha huagiza, na wanafunzi hutenda bila kusema neno: fungua dirisha, kunja taulo, funga chandarua. Njia hii ya kuunganisha amri na mwendo wa mwili ilitangazwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Asher katika miaka ya 1960. Inawafaa sana watu wazima kwa sababu haimlazimishi mtu kusema kabla sikio lake halijawa tayari.

Baada ya hapo wanafunzi huagizana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho hucheza igizo. Mmoja anakuwa mgeni ambaye taulo zake hazijabadilishwa, mwingine msafishaji wa chumba. Kiswahili hakifukuzwi darasani. Maelezo ya sentensi moja ya Kiswahili kuhusu saa au swali la kukanusha huokoa robo saa ya kubabaisha, na muda uliobaki huenda kwenye mazoezi ya Kiingereza.

Kurudia ni nusu ya kazi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mambo mapya husahaulika kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia kwa vipindi huyafanya yakae. Sentensi kumi za Jumatatu hurudiwa Jumanne, Ijumaa na wiki inayofuata. Mwalimu hurekodi sauti yake kwenye simu na kuituma, na mwanafunzi huisikiliza akikata majani ya ng'ombe.

Kumsahihisha mtu mzima kunahitaji busara. Mama mwenye wajukuu aliyekaa dawati moja na kijana wa miaka 20 akichekwa siku ya kwanza, ya pili haji. Mwalimu humwita mama au mzee kama kijiji kinavyomwita, hurudia sentensi yake kwa usahihi bila kutangaza kosa, na huacha kosa dogo lisilozuia maana.

Ratiba na mwalimu

Kozi nyingi hufa kwa kupangwa vibaya. Asubuhi ni ya maji, maziwa na shamba, na jioni ni ya kupika. Saa nane hadi saa kumi alasiri ndio muda ambao wanawake wengi wanaweza kuupata. Kwa wale walio kazini tayari, Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, ni miezi mizuri ya kusoma, ingawa ni pia miezi ya palizi, na ratiba iheshimu hilo.

Watu wa kujitolea kutoka nje huleta sauti na lafudhi ambazo wanafunzi watazikuta kazini, na hilo ni faida. Lakini anayekaa wiki tatu hufundisha salamu, huondoka, na anayemfuata huanza tena na salamu. Uti wa mgongo wa kozi uwe mwalimu wa hapa hapa anayebaki mwaka mzima, mwenye daftari linaloonyesha kila kundi limefika wapi. Mgeni amsaidie kwa kuwa mgeni: aagize chakula, alalamike, aulize njia.

Anayetaka kuendelea mbele anazo njia. Chuo cha Hoteli na Utalii cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kiko Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi mjini humo. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima na kumtambua mtu aliyejifunza kazi kwa kuifanya. Chuo chochote binafsi kinachotoa cheti kichunguzwe kwanza kama kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa maana cheti kisichotambulika hakimsaidii mtu mbele ya meneja.

Kupima

Mtihani wa kozi hii si karatasi. Mwanafunzi husimama nyuma ya meza na mtu asiyemjua huingia. Ampokee, amwandikie jina kwa kuuliza herufi zake, ampe ufunguo wa chumba 15, amweleze saa ya kifungua kinywa, apokee oda ya watu wanne ambao mmoja hali karanga, kisha apokee lalamiko la maji na kuliwasilisha kwa msimamizi. Mpimaji huangalia mambo matatu: je, mgeni alipata alichohitaji, je, mwanafunzi aliuliza pale ambapo hakuelewa, na je, alisema kwa heshima. Sarufi hupewa alama pale tu ilipoharibu maana. Mwanafunzi aliyefaulu kipimo hiki anastahili kupelekwa hotelini kwa mafunzo ya vitendo. Aliyekosa huonyeshwa hatua aliyokwamia, huifanyia mazoezi na kupimwa upya, kwa kuwa lengo la kozi ni kumfikisha kazini.