Unataka kazi ya maabara? Soma hapa kwanza

Tukiulizwa tunataka kuwa nani baada ya shule, wengi tunajibu haraka: daktari, nesi, mwalimu. Wachache sana husema "mtu wa maabara". Pengine ni kwa sababu haonekani. Unatobolewa kidole, unaambiwa "kasubiri nje", halafu karatasi ya majibu inatoka. Lakini kumbuka, hata daktari anaisubiri karatasi hiyo hiyo!

Je, mle ndani kuna kazi gani? Na mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi chini ya fundi mzoefu, hufanya nini katika maabara ya utafiti?

Kila kitu huanza na swali

Maabara ya hospitali huuliza: "Mgonjwa huyu anaumwa nini?" Maabara ya utafiti huuliza zaidi: "Kwa nini ugonjwa huu uko hapa, na pale ni mchache?"

Chukua mfano wa kwetu Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka bondeni hadi Ziwa Rukwa, unafika kwenye mita 800 hivi. Kwa kawaida joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana sisi tunavaa masweta mwezi wa Juni wakati wenzetu wa bondeni wanatafuta kivuli.

Hilo linahusianaje na malaria? Sana tu. Kijidudu cha malaria kikiingia kwa mbu, ni lazima kikomae kwanza ndipo mbu aweze kuambukiza. Penye nyuzi 28 huchukua kama siku 10. Penye nyuzi 20 huweza kuchukua wiki tatu au zaidi, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo baridi yetu inatusaidia.

Lakini usijidanganye kwamba huku juu hakuna malaria. Watu hushuka bondeni kulima mpunga na kuvua samaki, kisha hurudi. Na mtu ambaye mwili wake haujaizoea malaria huzidiwa haraka.

Siku ya mwanagenzi

Utaanzia chini: kuosha vioo, kuandika namba, kuchanganya rangi, kujaza daftari. Usidharau! Namba ikikosewa, majibu ya Juma anapewa Asha.

Kisha utafundishwa kusoma damu. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, huachwa likauke, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa hadubini inayokuza sana. Unahesabu chembe nyeupe 200, na huku unahesabu vijidudu unavyoviona. Tuseme umeona vijidudu 50. Kwa makadirio ya kawaida, tone dogo sana, milimita moja ya ujazo, lina chembe nyeupe 8,000. Basi 50 mara 8,000, gawa kwa 200, unapata vijidudu 2,000. Umeona? Hesabu za darasani zina kazi.

Katika utafiti, kioo kimoja husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakipishana sana, anaitwa wa tatu. Hapa hakuna kupiga chabo. Unaandika ulichokiona, hata kama bosi alitarajia kingine.

Jaribu lenyewe huja jioni. Macho yamechoka, vioo bado vipo, na moyo unakwambia, "Andika tu hakuna." Ukiandika hivyo, mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani bila dawa. Siku mbili baadaye anapata degedege, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Husemwa kuwa jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi" kwa Kifipa. Basi majibu ya kweli ni njia mojawapo ya kuutupa.

Siri ni siri

Mji wetu ni mdogo, tunajuana. Siku moja utaona majibu ya VVU ya mtu unayemfahamu. Humwambii rafiki, mpenzi, wala mama yako. Ndiyo maana watafiti hutumia namba badala ya majina, na humwomba mtu ridhaa kabla ya kumtoa damu. Akikataa, ni haki yake.

Linda mwili wako

Vaa koti na glavu. Usile maabara, wala usinyonye dawa kwa mrija mdomoni. Uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza kazi. Sindano ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Kunyamaza kwa aibu ni hatari.

Msaidizi si mtu mdogo

Ronald Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kuwa mbu ndiye anayesafirisha malaria. Alipofanya kazi hiyo Calcutta, India, mwaka 1898, alikuwa na msaidizi aitwaye Muhammad Bux, aliyetafuta na kutunza mbu. Bila mbu wale, Ross angechunguza nini?

Utafikaje huko?

Kazana na Baiolojia, Kemia na Fizikia. Stashahada ya maabara za afya huchukua miaka 3, na ndani yake kuna mafunzo kwa vitendo. Ukimaliza, unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Wasichana, msiambiwe kazi hii ni ya wavulana.

Shule yenu haina hadubini? Anza na daftari. Andika kila siku nyuzi za joto na mvua, kwa mwezi mzima, bila kubuni hata namba moja. Ukiweza hilo, umeshaanza kazi ya maabara.