Waasi wa msituni: Kwa nini hadithi zao zinaeleweka upesi Sotik

RIWAYA za waasi wa msituni wa Zama za Kati, wapiga mishale waliofukuzwa na watawala wakaishi kwa kuwavizia matajiri njiani, zimekuwa miongoni mwa vitabu vya watoto kwa zaidi ya karne moja. Aliye maarufu kuliko wote ni Robin Hood wa msitu wa Sherwood, nchini Uingereza.

Mwanafunzi wa Sotik, katika Kaunti ya Bomet, anaweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya mbali mno na mashamba ya majani chai anayoyaona kila siku. Sivyo. Riwaya hizo zimejengwa juu ya maswali ambayo wakazi wa Sotik waliyakabili karne iliyopita: nani mwenye msitu, nani mwenye ardhi, na nani mwenye mamlaka ya kumwita mwenzake mhalifu?

Maana ya mwasi wa msituni

Katika sheria ya kale ya Uingereza, mtu aliyeitwa mahakamani mara kadhaa bila kufika alitangazwa kuwa nje ya sheria. Mali yake ilitwaliwa. Aliyempa chakula au malazi naye alikuwa hatarini. Ilisemwa kwamba mtu huyo amebeba kichwa cha mbwamwitu, yaani angeweza kuwindwa kama mnyama.

Kwa hiyo mwasi huyo hakuwa mwizi wa kawaida. Mwizi wa kawaida huvunja sheria, lakini sheria hiyo hiyo bado humlinda asiuawe ovyo. Mwasi wa msituni alikuwa amepokonywa ulinzi huo.

Msitu nao ulikuwa na maana ya pekee. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme walitenga maeneo makubwa kuwa misitu yao ya kuwindia, ikiwemo sehemu zenye vijiji na mashamba. Mkulima aliyeua paa ili apate kitoweo aliweza kukatwa viungo au kuuawa. Adhabu hizo ziliondolewa na Hati ya Misitu ya mwaka 1217. Mtoto aliyekulia karibu na msitu wa Chepalungu au Mau, akasikia watu wazima wakibishana juu ya mpaka wa msitu na shamba, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kutoka mashairi hadi vitabu vya watoto

Robin Hood hakuanza kama shujaa wa watoto. Jina lake linatajwa katika fasihi ya Kiingereza kuanzia karne ya 14, na mashairi marefu juu yake yalichapishwa kufikia miaka ya 1500. Katika mashairi hayo yeye ni mtu mkali. Anamkata kichwa adui yake, Guy wa Gisborne, kisha anauchanachana uso wake. Katika shairi jingine, wafuasi wake wanamuua mtumishi mdogo wa mtawa ili asitoe siri.

Mwandishi Walter Scott ndiye aliyemgeuza kuwa mtetezi wa wanyonge dhidi ya watawala wageni, katika riwaya yake Ivanhoe iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819. Mwaka 1883, Mmarekani Howard Pyle alitunga na kuchora kitabu cha Robin Hood kwa ajili ya vijana, na humo ukatili mwingi wa kale ukaachwa. Robert Louis Stevenson naye aliandika The Black Arrow, riwaya ya kijana anayeangukia mikononi mwa waasi wa msituni wakati wa vita vya kugombea ufalme. Ilitoka kama kitabu mwaka 1888.

Mwaka 1934 Geoffrey Trease alichapisha Bows Against the Barons. Yeye aliukataa utamu wa vitabu vilivyotangulia. Vijana wake wana njaa, wanachapwa viboko na makabaila, na wanaingia msituni kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Mwaka huo wa 1934 una uzito wake kwa historia ya Sotik, kama tutakavyoona.

Liyongo, mwasi wa pwani yetu

Afrika Mashariki haikungoja vitabu kutoka ng'ambo ili ipate shujaa wa namna hii. Fumo Liyongo wa Pate na nchi ya Tana anasimuliwa kwa Kiswahili tangu zamani. Edward Steere alichapisha habari zake mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mwaka 1913.

Liyongo, mpiga mishale na mshairi, alihofiwa na sultani wa Pate kwamba angemnyang'anya kiti. Akakimbilia msituni. Sultani aliwaahidi watu wa msituni fedha wamuue. Wakapanga kula makoma kwa zamu, kila mmoja apande mkoma na kuwaangushia wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo aliyaangusha makoma kwa mishale bila kuinua mguu kutoka ardhini.

Baadaye alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Akaikata minyororo huku kelele za ngoma zikiufunika mlio wa tupa. Mwishowe aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na sultani, kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Alikufa amepiga goti, upinde mkononi, hata watu wakaogopa kwenda kisimani kuteka maji.

Robin Hood naye, kwa mujibu wa masimulizi, aliuawa kwa hila na jamaa yake mtawa aliyemwendea kutibiwa. Waasi hawa hawashindwi vitani. Humalizwa na mtu waliyemwamini.

Sheria ilipogeuka Sotik

Mkasa wa aina hiyo ulitokea karibu na Sotik. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani.

Mwaka huo huo Sotik yenyewe ilivamiwa. Wakipsigis wa Sotik walikuwa wamewashambulia Wamaasai na kuchukua ng'ombe, wanawake na watoto. Serikali ya kikoloni iliwaamuru warudishe, wakakataa. Kikosi cha jeshi kilitumwa, kikaua watu na kutwaa maelfu ya mifugo. Baadaye ardhi ya Sotik iligawiwa walowezi wa kizungu, na miaka ya 1920 kampuni kubwa za majani chai zikaanza kupanda katika nyanda za Kericho.

Waliotazamwa kwa wasiwasi zaidi walikuwa ukoo wa Talai, walikotoka viongozi wa kiroho waitwao orkoiik. Mwaka 1914 Kipchomber arap Koilegen, kaka yake Koitalel, alihamishwa kwa nguvu kutoka kwa Wakipsigis, na alifia uhamishoni. Kisha mwaka 1934, mwaka ule ule wa kitabu cha Trease, ikapitishwa sheria ya kuwahamisha walaiboni. Watu wapatao 700 wa ukoo huo, wazee, akina mama na watoto, waliondolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Homa Bay. Ardhi ilikuwa kavu, na magonjwa ya watu na mifugo yalikuwa mengi. Walirudi katika miaka ya kukaribia uhuru, wengi wao bila mashamba.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kuielewa maana ya kuwekwa nje ya sheria kuliko kitabu chochote cha Sherwood kinavyoweza kumfundisha. Mtoto wa Talai aliyebebwa kwenda Gwassi hakuwa ameiba wala kuua. Kosa lake lilikuwa ukoo wake. Mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Upinde si mchezo

Hata hivyo, mzazi na mwalimu wana wajibu wa kumwonya msomaji mdogo. Hadithi za waasi hupendeza kwa sababu aliyetendewa dhuluma anaruhusiwa kulipiza. Lakini waathiriwa wa waasi nao wana upande wao. Wanawake na watoto wa Kimaasai waliotekwa kabla ya vita vya 1905 hawakuwa makabaila wala maliwali.

Mapema mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walikabiliana kwa pinde na mishale katika mpaka wa Sotik na Borabu. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakahama. Kila upande uliamini kwamba unatetea haki yake.

Kwa sababu hiyo, haifai kumpa kijana kitabu cha Robin Hood na kumwachia ashangilie tu. Katika mashairi ya kale, Robin anawaamuru wafuasi wake wasimdhuru mkulima anayelima kwa jembe lake. Amri hiyo ndiyo inayomtenga na jambazi. Anayechoma nyumba ya mkulima mwenzake akidai anatetea kabila lake hamfuati Robin Hood. Anamfuata Liwali wa Nottingham.

Msomaji aulize maswali machache kila anapofungua kitabu cha aina hii. Nani aliitunga sheria iliyovunjwa? Ilimlinda nani, na ilimtupa nani nje? Mwasi anamdhuru nani, na kitabu kinamtaja mtu huyo au kinampita kimya?

Majibu ya maswali hayo yapo pia nje ya vitabu. Sotik na Kericho bado kuna familia zinazokumbuka safari ya Gwassi. Kijana aliyemaliza kusoma kuhusu Sherwood na awaendee wazee hao, awasikilize na kuandika wanayoyasema. Riwaya ya waasi wa nchi ya majani chai itahitaji mtu wa kuiandika, na kazi hiyo huanza kwa kusikiliza wale ambao bado wanakumbuka.