KUTIA DHAHABU KATIKA MAANDISHI

Maneno "maandishi ya dhahabu" hutumika kwa mambo matatu yasiyo na asili moja: dhahabu iliyobandikwa, dhahabu iliyosagwa ikawa wino, na rangi ya manjano isiyo dhahabu kabisa. Katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kama katika miji mingi ya bara, msomaji hukutana na maneno hayo hasa katika vitu vilivyopigwa chapa, kama majalada ya misahafu na aya zilizotiwa katika fremu. Kwa kuwa hamwoni fundi kazini, hana sababu ya kutofautisha. Lakini mchunguzi wa hati za kale hana budi, kwani jina aliandikalo katika orodha ndilo litakalosomwa na wale wasiopata kuiona hati yenyewe.

Ama njia ya kwanza, dhahabu hugongwa kwa nyundo hata ikawa utando mwembamba, yapata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Fundi huandika kwanza kwa gundi. Kabla haijakauka kabisa huulaza utando juu yake, kisha hupangusa kwa brashi laini dhahabu iliyo nje ya herufi. Mwisho huisugua kwa jiwe la akiki hata ing'ae.

Katika njia ya pili, tando hizo husagwa kwa muda mrefu pamoja na asali au gundi. Mchanganyiko huoshwa kwa maji mara kadhaa. Dhahabu, kwa uzito wake, hutua chini, na asali huondoka na maji. Unga unaobaki hutiwa gundi kidogo, ukawa wino wa kuandikia. Wino huu nao husuguliwa ukisha kukauka, na mara nyingi herufi huzungushiwa mstari mwembamba mweusi. Kitabu cha Umdat al-kuttab, kinachonasibishwa na al-Muizz bin Badis, mtawala wa Ifrikiya katika karne ya 11, chaeleza namna za kutengeneza wino, na wa dhahabu ukiwamo.

Jambo la tatu latuhusu zaidi. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, yajulikana kwa nakshi zake za rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Ni rahisi kudhani kwamba manjano hayo ni dhahabu, kwani pwani iliijua dhahabu tangu zamani: Kilwa, aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331, ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Lakini manjano ya Siyu ni rangi tu. Tukiyaita dhahabu, tutakuwa tumesema kwamba mwandishi alikuwa na fundi wa kuigonga na tajiri wa kuilipia; na tena tutakuwa tumeufanya mtindo wa Siyu kuwa mwigo wa mitindo ya mbali, ilhali una utaratibu wake wenyewe.

Sasa tutazame lugha. Kiarabu kina neno tadhhib, kutia dhahabu, la mzizi ule ule uliotupa "dhahabu". Kiswahili kilichukua jina la madini, hakikuchukua jina la kazi. Twasema "kuchovya", lakini hilo ni la mapambo na vyombo, ukurasa hauchovywi. Wala "jani la dhahabu" halifai. Kwa Kiarabu waraka ni jani na ni karatasi pia. Kiswahili kilishika maana ya barua na hati, kikaiacha ile ya jani. Msomaji wetu akisikia "jani" atafikiri umbo, wala hatafikiri wembamba.

Basi twapendekeza istilahi tatu: dhahabu ya kubandika, wino wa dhahabu, na wino wa manjano. Kwa kioo cha kukuzia hutambulikana: ya kwanza huwa uso mmoja mtulivu, na pengine huonyesha pindo pale tando mbili zilipopandana, wa pili huonyesha chembechembe, wa tatu hauna mng'ao wa madini. Palipo na shaka, na iandikwe "rangi ya manjano" tu, kwa maana hiyo ndiyo iliyoonekana kwa macho. Tangu J. W. T. Allen alipotoa, mwaka 1970, orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, wengi wetu huzifikia hati kwa kupitia orodha kwanza; na kosa la orodha hurithiwa.