Fahamu: Kwa nini bando la nyumbani halimalizi mwezi

Umeweka GB 50 kwenye ruta Jumatatu. Ijumaa usiku mpira unaganda dakika ya 80. Umeibiwa? Labda, ila anza na televisheni. Netflix kwa ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Saa mbili za HD kila jioni kwa siku 5 ni hadi GB 30, bado simu za watoto, ambazo hujisasisha nyie mmelala.

Vifurushi vya "bila kikomo" navyo mara nyingi vina kikomo, kimejificha kwenye masharti: ukikivuka hukatwi, unapunguziwa kasi. Huo ni utani wa kulipia.

Ukitaka bando lidumu, punguza ubora kwenye mipangilio ya Netflix: ule wa chini hula takriban GB 0.3 kwa saa.